Mota za stepa zinapolegea: kutafuta chanzo kwenye mashine ya CNC ya zamani

Mota ya stepa, ile inayozunguka hatua kwa hatua na kusogeza mihimili ya mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta), ni kitu kigumu kuchakaa. Haina brashi wala kolekta. Ndani kuna rota (sehemu inayozunguka) yenye sumaku, koili za shaba na beringi mbili, basi. Vinavyochakaa viko nje yake: pawa saplai, draiva (kifaa kinachopokea mapigo ya kompyuta na kulisha koili umeme), nyaya, viunganishi, skrubu na reli. Ndiyo maana fundi anayekimbilia kununua mota mpya mara nyingi anaifunga, anawasha, na ulegevu anaukuta palepale.

Swali linaloelekeza kazi yote ni hili: mota inalegea lini? Ikilegea hata imesimama, kwa kawaida ampea hazitoshi. Ikiwa na nguvu polepole kisha ikashindwa kwa kasi, tafuta kwenye volti na jinsi koili zilivyofungwa. Ikikwama mahali palepale kila mara, ni mekanika. Na kama haikwami kabisa lakini vipimo vinahama kidogo kidogo, angalia mapigo yanayotoka kwenye kompyuta. Kuna mashine zenye makosa mawili kwa pamoja, hasa za zamani, kwa hiyo ukipata moja usifunge paneli hapohapo.

Tahadhari moja kabla ya bisibisi kushikwa: usichomoe waya wa mota draiva ikiwa na umeme. Koili inayokatwa ghafla inarusha volti kubwa, na draiva inakufa papo hapo. Zima, subiri taa ya draiva ife kabisa, ndipo uchomoe.

Majaribio ya dakika kumi

Anzia kwenye kompyuta. Kwenye Mach3, LinuxCNC au programu yoyote unayotumia, punguza kasi ya juu ya mhimili wenye tatizo iwe nusu, acha uongezaji kasi ulivyo, kisha endesha. Tatizo likiisha, andika hivyo. Rudisha kasi ya awali, sasa punguza uongezaji kasi uwe nusu. Likiisha kwa hili la pili, mota inashindwa kuanzisha mzigo, na mzigo huo unaweza kuwa uzito wa meza au msuguano. Likiendelea katika hali zote mbili, usihangaike tena na namba za kompyuta. Hitilafu ni ya vifaa.

Halafu fanya kubadilishana. Mashine imezimwa, chomeka mota ya X kwenye draiva ya Y, na ya Y kwenye draiva ya X. Hakikisha kwanza mota zote mbili ni za ampea sawa na viunganishi vimefungwa kwa mpangilio mmoja. Washa, sogeza polepole. Ulegevu ukihamia kwenye mhimili mwingine, draiva ndiyo mbovu, au mapigo inayolishwa. Ukibaki palepale, ni mota, waya wake, au mekanika ya mhimili huo. Hakuna kipimo cha bei ghali kinachookoa muda kama hiki.

Inalegea hata ikiwa imesimama

Torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya mota iliyosimama inafuata ampea. Ipime badala ya kuikisia: fungua kapling (kiungio cha shafti ya mota na skrubu), funga mkono wa chuma wa sentimita 20 kwenye shafti, washa draiva, vuta ncha ya mkono kwa mizani ya ndoano ile ya kupimia mizigo. Mota ya Nm 2.2 inapaswa kuachia ikivutwa kwa kilo 1.1 hivi. Lakini hapo kuna mtego. Torki ya kwenye kibao cha mota ilipimwa awamu zote mbili (makundi mawili ya koili) zikiwa na ampea kamili. Draiva ya mikrostepi (inayogawa kila hatua ya mota katika hatua ndogo) iliyowekwa kilele sawa na ampea za kibao inatoa karibu asilimia 70 tu ya hiyo, kwa hiyo kilo 0.8 ni jibu zuri. Ukipata 0.4, una tatizo.

Mtego wa pili ni kupunguza ampea wakati wa kusimama. Draiva nyingi zinafanya hivyo zenyewe ili mota isichemke. Kwenye DM542, aina moja ya draiva, kwa mfano, swichi ya nne ikiwa OFF ampea zinashuka hadi nusu mota inaposimama. Mhimili wa Z (wa juu na chini) unaoshuka wenyewe spindo, shafti inayobeba kikatio, ikiwa imetulia huwa na chanzo hiki mara nyingi. Weka swichi ON kisha pima tena, na kama Z ni nzito mno, ifungie springi ya gesi au uzito wa kusawazisha badala ya kuichosha mota wakati wote.

Soma ampea zilizowekwa kwa makini. DM542 ina ngazi nane kutoka 1.00 hadi 4.20, na hizo ni za kilele, 4.20 ya kilele ni 3.00 ya wastani wa RMS. Mtu anayechanganya safu hizo mbili za jedwali anaendesha mota kwa karibu asilimia 70 ya haki yake.

Mashine za miaka ya 1970 na 1980 zina mambo tofauti. Nyingi zinatumia mota za nyaya sita na draiva zisizopima ampea. Badala yake kila awamu inapita kwenye rezista kubwa ya kauri. Hapa ndipo ampea zinapotelea kimyakimya. Chukua mota yenye koili ya omu 1.5 inayotaka ampea 3 kutoka volti 24: rezista inatakiwa kuwa omu 6.5, na inachoma karibu wati 58. Baada ya miaka ya joto hilo, rezista inapasuka ndani na omu zinapanda. Zikifika 10, ampea zinashuka hadi 2.1, yaani theluthi moja ya torki imekwenda bila taa yoyote nyekundu kuwaka. Kuipima ni rahisi: mashine imesimama, awamu ikiwa imewashwa, pima volti kati ya miguu miwili ya rezista. Zinapaswa kuwa 19.5. Halafu zima, ondoa mguu mmoja, pima omu. Badilisha kwa rezista ya wati 100, si ya 60, na iwekwe kwenye bati la kupoozea.

Kwa draiva za kisasa kidogo, zima, weka ampea mita ya DC kwenye waya mmoja wa awamu, washa, kisha sogeza mota mikrostepi moja moja hadi usomaji uwe mkubwa kuliko wote. Hicho ndicho kilele halisi. Rudia kwenye awamu ya pili. Awamu mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia kumi, transista za upande mmoja au rezista yake ndogo ya kupimia imeungua. Awamu moja ikiwa sifuri kabisa, utakuwa umeshasikia: mota inatetemeka, inaunguruma, inaelekea huku na huku bila kuamua.

Ina nguvu polepole, inashindwa kwa kasi

Hapa ndipo mashine nyingi za zamani zinapoangukia, na ndipo pesa nyingi hupotea kwa kununua mota kubwa zaidi.

Koili haikubali ampea mara moja. Kila hatua, umeme unapaswa kupanda ndani ya koili kabla hatua inayofuata haijafika, na kinachousukuma ni volti. Mota ikizunguka haraka, muda unakuwa mfupi, tena rota yenyewe inazalisha umeme wa kupinga. Ampea hazifiki kileleni, torki inaporomoka. Ukiongeza volti kutoka 24 hadi 48, kasi ambayo torki inaanza kuporomoka inakuwa mara mbili. Mota kubwa yenye induktansi (ukaidi wa koili kwa mabadiliko ya umeme) kubwa kwenye volti zilezile inaweza kuwa dhaifu zaidi kwa kasi kuliko ndogo uliyoitoa.

Kuna kanuni ya mafundi inayosaidia: volti za juu zinazofaa ni 32 mara kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha induktansi kwa milihenri. Mota ya mH 3.2 inatoa 57. Hiyo ni dari, si lazima ufike. Ukivuka, mota inachemka bila faida. Na draiva nayo ina dari yake. Inayovumilia volti 50 ilishwe kati ya 36 na 44, kwa sababu mota inapopunguza kasi inarudisha umeme kwenye pawa saplai na volti zinapanda juu ya ulizopima.

Sasa angalia jinsi koili zilivyofungwa, maana hapa kuna nguvu ya bure. Mota yenye nyaya nane inaweza kufungwa kwa mfululizo au sambamba. Kwa mfululizo induktansi ni mara nne ya sambamba, ampea ni nusu, na kasi ambayo torki inaanza kushuka ni nusu. Mota ileile ya mH 3.2 na ampea 4.2 kwa sambamba inakuwa mH 12.8 na ampea 2.1 kwa mfululizo, na hapo ingetaka volti zaidi ya 110. Mashine nyingi zilifungwa kwa mfululizo kwa sababu draiva za awali hazikuwa na ampea za kutosha. Mtu akabadilisha draiva baadaye na kuacha nyaya zilivyokuwa. Pima omu: kwa mfululizo utaona mara nne ya zile za sambamba. Geuza kuwa sambamba, weka ampea mpya, na mhimili unaamka.

Mota ya nyaya sita haina uhuru huo wote. Kila awamu ina nyaya tatu. Waya wa katikati unaonyesha nusu ya omu ukilinganisha na ncha kwa ncha. Kwa draiva ya sasa una njia mbili: ncha hadi ncha, kwa ampea 0.7 ya zilizoandikwa, yenye nguvu polepole; au katikati hadi ncha, kwa ampea zote zilizoandikwa, yenye torki ndogo imesimama lakini inayodumu kwa kasi. Kwa ruta ya mbao inayokimbia, chagua ya pili. Waya usiotumika uzibe kwa utepe wa umeme, usiguse chuma cha mashine.

Baada ya nyaya, pawa saplai. Pawa saplai za zamani ni transfoma, daraja la dayodi na kapasita kubwa, bila kudhibiti volti. Transfoma ya volti 32 AC inatoa karibu 44 DC bila mzigo. Pima mihimili yote ikikimbia kwa pamoja. Zikishuka chini ya 38 hivi, endelea kutafuta.

Geuza mita iwe AC, pima kwenye kapasita ileile. Volti 1 au 2 za AC si kitu kwenye zile 44 za DC. Ukiona 5 au zaidi, kapasita imekauka au dayodi moja ya daraja imekatika. Kutenganisha mambo hayo mawili kunahitaji kifaa kinachosoma masafa: mawimbi ya Hz 100 ni kawaida, ya Hz 50 ni dayodi. Kapasita za maji ndani yake huzeeka kwa joto; kila nyuzi 10 za ziada zinakata umri wao karibu nusu, na paneli iliyozibwa feni kwenye karakana ya nyuzi 35 inaziua mapema. Kupata ukubwa wa kapasita mpya, zidisha ampea kwa 80,000 kisha gawanya kwa volti: ampea 8 kwenye volti 44 ni mikrofaradi 14,500 hivi, kwa hiyo 15,000 ya volti 63 inatosha. Kabla ya kugusa, itoe chaji kwa rezista ya omu 1,000 yenye wati 5 na subiri dakika moja na nusu. Usitumie bisibisi, cheche yake inayeyusha skrubu na inaweza kukuumiza macho.

Halafu kuna umeme wa mtaani. Transfoma haijui volti zilizoandikwa kwenye kibao chake, inajua zinazoingia. Mashine iliyofungwa kwenye tapu (kituo cha kuungia cha transfoma) ya volti 240 na kulishwa 200, jambo la kawaida mwisho wa laini ndefu jioni watu wakipika, inapoteza asilimia 17: zile 44 zinakuwa chini ya 37. Pima volti za ukutani saa ambazo mashine inasumbua, si asubuhi na mapema. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani yenye tapu za 115 na 230 ikaguliwe imefungwa kwenye ipi, na kama kuna tapu ya 208 au 220 na volti zako ni za chini, hamia hapo. Lakini pima pia usiku wa manane, volti zinapopanda, usije ukavuka dari ya draiva.

Kuna kisa kimoja kinachofanana na volti ndogo na si volti: mota inayoshindwa kwenye kasi fulani tu, mara nyingi kati ya mizunguko 5 na 15 kwa sekunde, lakini ikivushwa hapo haraka inaendelea vizuri. Huo ni mtikisiko wa rota yenyewe. Draiva za hatua kamili za zamani zinasumbuliwa nao sana. Dawa ni kapling isiyo na ulegevu, au gurudumu la kuzima mtikisiko kwenye shafti ya nyuma. Usiupime mota ikiwa peke yake mezani: bila mzigo inakwama hapo kirahisi zaidi kuliko ikiwa kwenye mashine, na utaihukumu bure.

Inakwama mahali palepale

Zima, fungua kapling, zungusha skrubu kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkono unajua. Ikiwa ngumu ncha zote mbili na laini katikati, nati na beringi havijalingana kwenye mstari mmoja, au kabari za kubana reli zilikazwa kwa ajili ya sehemu ya katikati iliyochakaa. Ikikwaruza kila mzunguko, shafti imepinda au gololi moja imevunjika.

Kama unataka namba, zungusha uzi kwenye puli ya kipenyo cha mm 50 na uvute kwa mizani ileile. Kilo 2 ni Nm 0.5. Linganisha na torki ya mota kwenye kasi ya kazi, si ikiwa imesimama. Msuguano ukila zaidi ya theluthi moja, mota haina cha kukatia.

Oili ya zamani inageuka kuwa gundi ya kahawia. Osha reli na skrubu kwa mafuta ya taa, kausha, weka oili ya reli ya VG 68, na nati ya gololi iwekwe grisi ya lithiamu. Nati usiitoe kwenye skrubu bila bomba la kipenyo kilekile la kuipokea, la sivyo gololi zitatawanyika sakafuni. Kwenye skrubu ya kawaida isiyo na gololi kumbuka hesabu: mota ya Nm 2 kwenye skrubu ya gololi yenye hatua ya mm 5 inasukuma karibu N 2,200, na kwenye skrubu ya meno ya trapeza karibu N 750 tu. Hiyo ni hasara ya msuguano hata skrubu ikiwa mpya.

Kapling inayoteleza inadanganya kuwa mota ni dhaifu. Chora mstari wa kalamu kutoka shafti hadi kapling na uendeshe nusu saa. Mstari ukivunjika, kaza skrubu zake, na kila shafti isiyo na bapa itengenezewe.

Nyaya ndani ya mnyororo wa kebo zinakatika kwa kupinda, na awamu moja inakatika mhimili ukiwa sehemu moja tu. Pima omu huku msaidizi akikunja kebo. Kwa ampea 4 tumia waya wa milimita mraba 0.75 hadi 1. Karakana za pwani ziangalie viunganishi hasa: hewa ya chumvi ya Mombasa au Dar es Salaam inaweka kutu ya kijani kwenye pini, pini inachemka, na plastiki inageuka kahawia. Pini ya namna hiyo haisafishwi, inabadilishwa.

Haikwami, lakini vipimo vinahama

Andika programu fupi inayosogeza mhimili mbele na nyuma mara 500 kwa mm 20, weka dayal geji (saa ya kupimia mwendo mdogo) mwisho wake. Ikirudi sifuri, mapigo ni sawa. Ikihama kila mara upande mmoja kwa kiasi kilekile, huenda draiva inasoma ukingo usio sahihi wa pigo na kupoteza mikrostepi moja kila inapogeuka. Kwa skrubu ya mm 5 na mikrostepi 2,000 kwa mzunguko, moja ni mm 0.0025, mara elfu, mm 2.5. Geuza mwelekeo wa pigo kwenye programu, rudia jaribio.

DM542 inataka pigo lisilopungua mikrosekunde 2.5 na mwelekeo utangulie kwa mikrosekunde 5. Poti ya paraleli ya baadhi ya kompyuta inatoa volti 3.3 badala ya 5, na taa ndogo ndani ya draiva inawaka nusu nusu. Bodi ya kielektroniki kati ya kompyuta na draiva, yenye volti 5 zake yenyewe, inamaliza hilo. Kumbuka pia dari ya kompyuta: mapigo 25,000 kwa sekunde kwa mikrostepi 2,000 ni mizunguko 750 kwa dakika, haizidi hapo hata mota iwe ya simba.

Asubuhi nzuri, mchana dhaifu

Hii ni joto. Gamba la mota kufika nyuzi 80 si kosa, ingawa mkono hauvumilii zaidi ya 60. Draiva ndiyo inayoumia: feni iliyokufa, unga wa mbao kwenye mapezi ya kupoozea, pasta nyeupe iliyokauka. Safisha, paka upya, weka feni. Kwenye mashine za rezista, shaba ya koili inapanda omu karibu asilimia 23 kutoka nyuzi 20 hadi 80, na kwa kuwa hakuna kinachopima ampea, nazo zinashuka kidogo.

Ikibaki mota yenyewe

Ichomoe kabisa. Pima omu za awamu mbili. Zilingane ndani ya asilimia kumi. Pima kila waya hadi gamba la mota. Mita isionyeshe njia yoyote. Zungusha shafti kwa vidole nyaya zikiwa wazi: ikiwa nzito kuliko mwenzake wa aina ileile, mizunguko ya shaba imegusana ndani. Kisha gusanisha nyaya mbili za awamu moja na uzungushe tena, sasa inapaswa kuwa ngumu kwa wazi. Fanya hivyo kwa awamu ya pili na ulinganishe. Upande usiobadilika umekatika.

Kama yote hayo ni sawa, ampea ni sahihi na torki bado nusu, uliza kama mota iliwahi kufunguliwa. Mota za zamani zenye sumaku za alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti), kama nyingi za chapa ya Slo-Syn, zinapoteza sumaku rota inapotolewa tu nje ya stata (sehemu isiyozunguka yenye koili), hata kwa dakika moja. Zilitiwa sumaku zikiwa zimeshafungwa, na kuzirudishia kunahitaji mashine ya kiwandani. Hiyo ndiyo mota ya kubadilisha. Unapochagua nyingine, tazama induktansi kabla ya torki: kwa pawa saplai ya volti 44, mota ya mH 2 hadi 3 itakufaa kuliko ya mH 10 yenye namba kubwa ya Nm kwenye kibao.